Kumwombea Kukhu Jina

Nilitoka Kitale Ijumaa asubuhi kwa sababu ya mtoto aliyekuwa akilia kwa siku nne mfululizo. Ni binti wa kaka yangu Wafula, aliyebaki nyumbani kwetu Bokoli, na alikuwa na wiki tatu tu tangu azaliwe. Kwetu Wabukusu, mtoto akilia hivyo bila homa wala tumbo, husemwa kwamba kuna marehemu wa ukoo anayetaka jina. Watu wa nyumba hukutana, majina ya waliotangulia yakaitwa moja moja, na lile litakalomnyamazisha mtoto ndilo lake. Nyumbani kwetu kazi hiyo ya kuita ni ya senge, yaani shangazi, na senge ni mimi.

Wafula alinipigia simu Alhamisi. Akaniomba nije, kisha akaongeza kwa sauti ya chini kwamba jina la Kukhu, bibi yetu mzaa baba, wameamua kuliacha. Sikumuuliza sababu. Niliijua vizuri, maana sababu yenyewe ni mimi.

Ninaandika kipindi cha vichekesho cha televisheni. Miaka mitatu iliyopita nilikwama, sina mhusika wala wazo, nikamchukua Kukhu mzimamzima: jina lake Nasipwondi, kitambaa chake cha kichwani, hata namna alivyochanganya l na r. Bibi wa kwenye kipindi huficha nyama kifuani, humdanganya pasta na hugombana na redio, na watu wanampenda sana. Kukhu wa kweli hakuwahi kuficha nyama. Baba alipokufa, yeye ndiye aliyenilea. Siku ya mazishi nililia mpaka sauti ikakauka, akaniwekea sahani ya ugali mapajani na kuniambia, "Kura kwanza, kuria kutakungoja." Maneno hayo nayo niliyaingiza kipindini. Siku hizi vijana wanayavaa kwenye fulana. Nilijiambia kwamba ninamweka hai; sisi waandishi hatukosi la kujiambia. Basi safari hii nilikuwa nimeshaamua: jina lake nitaliombea, na likikubaliwa, nitaliita.

Saa mbili na nusu, Kiminini. Nilikuwa kwenye pikapu ya jirani yangu Barasa, anayepeleka kabichi Bungoma kila Ijumaa. Tulisimama kujaza upepo. Barasa akaanza kumtania fundi wa magurudumu kwa sauti ya Nasipwondi, akabinua midomo kama yule mwigizaji wa Nairobi anayemwigiza, na fundi akacheka mpaka akashika kiuno. Mimi nikacheka nao. Nimeishi Kitale miaka sita na Barasa anadhani mimi ni mwalimu. Hakuna mtu hata mmoja pale mtaani anayejua ninachoandika, na siku nyingi hupita bila mtu kuniita kwa jina langu. Asubuhi ile nilitamani kumwambia huyo bibi ni wangu. Tukapanda gari.

Saa nne kasoro, Misikhu. Barasa aliniteremsha akaahidi kunichukua kesho yake akirudi. Nikapanda bodaboda hadi Bokoli katikati ya mahindi yaliyokuwa yametoka mbelewele, huku dereva akinisimulia ukame wa mwaka uliopita. Kilio cha mtoto nilikisikia kabla sijafika langoni.

Mama alinipokea mkoba, akanitazama usoni, akanipeleka ndani. Nilimkuta Eunice, mke wa Wafula, amekaa kitandani, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Nilimwomba msamaha. Nilimweleza kwamba nikiambiwa nibadilishe jina kipindini, nitabadilisha wiki hiyohiyo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Mimi sina shida na Kukhu, senge," alisema. "Alinipokea hapa vizuri. Lakini huyu ataenda shule. Mwalimu akisoma rejista, darasa yote itacheka. Utakuja kukaa naye huko kwa darasa?"

Nilimwambia tu kwamba Kukhu hana mtu mwingine wa kubeba jina lake, kwamba ni mara moja tu, na mtoto mwenyewe ndiye ataamua. Eunice alimtazama Wafula, Wafula akatazama sakafu. Mwishowe Eunice akakubali: niite mara moja.

Saa nane mchana tulikusanyika sebuleni. Majirani walikuwa wamekuja na unga na ndizi, wengine wamesimama mlangoni. Nilimpakata mtoto. Nikamwita baba yake babu, nikawaita dada wawili wa babu, nikamwita mama mkubwa aliyefia Naitiri. Mtoto alizidi kulia. Nakiri, nilifurahi, maana nilijua anamngoja nani. Nikasema, "Nasipwondi."

Mlangoni mtu alicheka. Alikuwa mama mmoja wa kwaya, na hakuwa na ubaya, kilimtoka tu. Akafunika mdomo, lakini kicheko kilishampata jirani yake, kikaingia ndani, na nikamwona hata Wafula akiuma midomo. Mtoto alishtuka akapiga yowe. Eunice akanyoosha mikono akamchukua. Shangazi wa Eunice, aliyekuwa amekaa pembeni, akataja polepole jina la marehemu wa upande wao, "Nafula." Mtoto alishikwa na kwikwi mara mbili, akashika titi, akatulia. Watu wakapiga makofi. Mimi pia nilipiga.

Jumamosi asubuhi mama alinisindikiza hadi barabarani. Njiani nikamwambia kitu ambacho hata mimi sikujua nitakisema: kwamba kama hakuna wa kulichukua jina hilo, basi nipewe mimi, niitwe hivyo kuanzia leo.

Mama hakucheka. "Wewe uko na mwenye jina yako tayari," alisema. "Mtu habebi wawili."

Akanishika mkono kidogo, akarudi kumwangalia mjukuu.

Barasa alinikuta Misikhu akanirudisha Kitale. Nyumbani nilikuta ujumbe wa mtayarishaji: watazamaji wanamtaka bibi zaidi, niandike vipindi vingine kumi na viwili. Nilifungua kompyuta kubadilisha jina kama nilivyoahidi. Lilikuwa limejaa kila ukurasa, nami nikashindwa kufuta hata moja. Nilichojifunza Bokoli ni hiki, na sikipendi: mtoto amepata mwenye jina lake na amenyamaza, na hakuna nyumba yoyote ambamo Nasipwondi ataitwa aje ale, aje aogeshwe, aende shule. Nimebaki mimi tu wa kumwita, na mimi humwita ili watu wacheke.