Vizibo vya Masolwa

Ungefika Igalula kabla ya msimu wa ngoma wa mwaka jana ukauliza ni nani mwenye masikio, ungepelekwa moja kwa moja kwa Masolwa. Wengine masikio wanayo ya kutundikia hereni na kusikilizia umbea. Ya Masolwa yalikuwa ya kazi. Spika zikikoroma uwanjani, yeye amelala zake chali kivulini, alikuambia ni waya upi umelegea na jenereta ipi inakaribia kukauka mafuta. Treni ikitoka Tabora aliisikia kabla mbwa hawajainua vichwa. Aliwaambia akina mama wa karanga wajitwishe masinia yao waende stesheni, nao walijitwisha bila kubisha.

Alikuwa fundi wa sauti wa kundi la ngoma la pale pale, na manju wa kundi, yaani kiongozi wa nyimbo, alikuwa mke wake Kabula. Mashindano yenyewe yako hivi. Mavuno yakishaingia ghalani, makundi mawili yanaingia uwanja mmoja, kila moja upande wake, yanaanza kuimba kwa wakati mmoja. Hakuna jaji wa kukaa mezani na kalamu yake. Watu wanakokimbilia ndiko kwenye ushindi, na kundi lililobaki linawaimbia mbuzi linarudi kwao kichwa chini, litazomewa mpaka mvua zinyeshe. Zamani mtu alishinda kwa utungo na vituko. Siku hizi zimeingia spika, na spika, mimi nasema wazi, zimewatoa watu akili. Siku hizi anayepiga kelele zaidi ndiye anayeitwa fundi.

Kabula alikuwa anasimama mbele kabisa, maiki mkononi, spika zimemzunguka usawa wa mabega. Pale mtu hasikii anavyosikika kwa wengine. Kwa hiyo kabla ya kila wimbo aligeuka nyuma akatazama kitu kimoja tu, uso wa mumewe. Masolwa akitikisa kichwa kwamba sawa, basi ni sawa. Miaka yote ya ndoa yao waliimba hivyo, tangu binti yao Suzana yuko mgongoni mpaka ameolewa Nzega.

Sasa masikio hayo yakaanza kumgeuka mwenyewe. Kwanza ulikuja mluzi. Mluzi mwembamba, hauna mwenyewe, haukomi. Anakula unalia, anaoga unalia. Akatia mafuta ya nyonyo, akafunga siku mbili kuomba, wapi. Halafu siku moja alikuwa anavuka reli na kopo la rangi ya kupaka spika zake, hana hili wala lile, akaona watu wa stesheni wanampungia mikono na kupanua midomo. Alipogeuka, kichwa cha treni kilikuwa kimemjia. Aliruka akaangukia kwenye kokoto, rangi yote ikamwagika. Watu walicheka, wakamwambia amezeeka. Yeye alikaa pale chini hainuki, kwa sababu honi hakuisikia hata kidogo.

Hakumwambia mtu. Ungetaka amwambie nani? Fundi wa sauti asiyesikia ni sawa na mpishi asiyejua chumvi, na jembe alikuwa amelisahau zamani. Aliogopa, basi. Aliogopa kiasi cha kwamba akibaki peke yake alikuwa anagonga sufuria kwa kijiko kupima kama bado yumo duniani.

Akaaga kwamba anakwenda kununua nyaya, akaenda Tabora mjini, mtaa wa Mtendeni. Huko alikuwa ameambiwa habari za Shaima, binti wa nyumba moja ya zamani ya wafanyabiashara Waarabu, aliyesomea mambo ya masikio na kufungua chumba nyuma ya duka la vitambaa la baba yake. Shaima alimpa shikamoo yake, akamkalisha, akampima kwa muda mrefu. Akamwambia bila kumzungusha kwamba kilichokufa ndani ya sikio kwa kelele hakifufuki, ila kilichobaki kinaweza kulindwa. Akamjaza kila sikio ute laini mithili ya unga uliokandwa, wakangoja ukauke, akauvuta ukatoka na umbo lote la ndani ya sikio, na kona zake. Umbo hilo lingepelekwa Dar es Salaam, huko ndiko vingetengenezwa vizibo vyake, vya masikio yake na si ya mwingine.

Siku ya kuvichukua, Shaima alimshikia vile vidude kiganjani. Vilikuwa na rangi ya asali.

"Baba, nisikilize vizuri hapa," alisema. "Usipange sauti ya muziki ukiwa umevivaa. Panga kwanza kwa masikio matupu, tia alama, ndipo uvae, na usiguse tena. Vitakupunguzia wewe kelele. Wenzako havitawapunguzia."

Kisha akamuuliza nani anasimama karibu na spika. Masolwa akasema ni mama watoto. Shaima akamsihi amlete naye apimwe, maana kizibo cha mtu hakimkai mtu mwingine, na akaongeza neno moja, kwamba mtu akipigwa na kelele masikio yakaziba ghafla, asingoje, akimbizwe kwake au hospitali haraka, kwa kuwa siku za mwanzo ndizo zenye matumaini. Masolwa akaitikia yote. Hewala, hewala. Lakini kumleta Kabula kulikuwa na maana ya kumweleza Kabula, na hilo hakuwa tayari kulifanya. Alijisemea atamleta msimu ukiisha.

Msimu ukaanza. Masolwa alivaa vizibo vyake na juu yake kofia ya sufu aliyoivuta mpaka shingoni, akisingizia baridi ya asubuhi, na hata jua lilipowaka hakuivua. Vijana wakamtania kwamba nywele zimekimbia. Hakujali. Kwa mara ya kwanza baada ya miezi alikuwa amekaa mbele ya mitambo na kichwa chake kimetulia, ngoma inasikika yote, neno kwa neno, ila imesogezwa mbali kidogo, kana kwamba inapigwa nyumba ya pili. Karibu alie kwa raha.

Siku hiyo ya kwanza alifuata maagizo. Alipanga sauti kwa masikio matupu, akatia alama ya chaki kwenye mtambo, ndipo akavaa. Lakini kundi la upande wa pili lilipoanza, akamwona Kabula anaimba na sauti yake imekuwa ndogo, nyonge, na watu wanasuasua katikati ya uwanja. Mkono ukamwasha. Akaizungusha sauti ikapita chaki, akaizungusha tena mpaka ikamtosha yeye. Watu wakaja mbio. Wakashinda. Safari iliyofuata hakuitafuta chaki.

Kabula ndiye aliyeanza kulalamika, tena kwa upole, kwa kuwa hakuwa mtu wa manung'uniko. Alikuwa anamenya viazi akasema masikio yake yanapiga filimbi, haiishi. Masolwa alikuwa karibu, akasikia kila neno. Filimbi ile aliijua. Alikuwa ameishi nayo. Pale pale ndipo pa kusema, na kinywa alikifungua kabisa.

"Mbona mimi nasikia sawa tu," akamwambia.

Kabula akacheka, akasema basi labda ni mafua, akaendelea na viazi vyake. Alimwamini. Mtu mzima huyu aliambiwa na masikio yake mwenyewe kwamba yanaumia, akachagua kuamini ya mumewe, kwa sababu hayo ndiyo yenye jina. Na Masolwa aliondoka pale akajifanya ana kazi ya jenereta, akakaa nyuma ya nyumba anajichukia.

Ikaja siku ya Kigwa. Kundi la Kigwa, kijiji cha jirani, lilikuwa la Ngollo, manju mwenye kifua na maneno ya shombo, na msimu uliotangulia alikuwa amewazomea watu wa Igalula mpaka watoto wao wakawa wanapigana shuleni. Asubuhi, akifunga kitenge, Kabula alimwambia mumewe, "Baba Suzana, leo nipunguzie kidogo." Akasema, "Nitapunguza." Na alikuwa na nia, tusimwonee. Lakini Ngollo alifika na spika za kuazima zilizojaza lori, na alipozifungulia vumbi liliruka kutoka ardhini. Watu wakaanza kumiminika upande wake. Masolwa aliona ushindi unamtoka mkononi, akaona na aibu ya mwaka mzima inakuja. Akazungusha sauti mpaka pale mtambo unapogoma.

Kabula akageuka, akamtazama. Masolwa akamtikisia kichwa kwamba sawa. Kabula akaimba. Akageuka tena, safari hii uso umemkunjamana na kiganja amekishusha, kumwomba apunguze. Masolwa akamtikisia kichwa kwamba sawa, endelea, watu wanakuja. Ni kweli walikuwa wanakuja, upande wa Ngollo ukawa mweupe. Mara ya tatu Kabula hakugeuka tena. Alifumba macho akaimba mpaka mwisho, na wajuzi wanasema wimbo wa mwisho alikuwa ameuacha njiani, sauti inakwenda huku na ngoma kule. Hakuna aliyejali. Igalula ilikuwa imeshinda.

Watu walipopiga vigelegele, Kabula alimwendea mumewe katikati ya fujo ile. Masolwa akamwambia hongera. Kabula akamtazama mdomo. Akarudia hongera, na Kabula akaendelea kumtazama mdomo, anatabasamu kama mgeni aliyesemeshwa lugha asiyoijua.

Siku zilizofuata zilikuwa mateso. Masolwa alisema ni nta tu, akamwekea mafuta ya nyonyo yale yale. Alisema ni uchovu. Akampeleka zahanati wakamsafisha masikio, yakatoka safi na hayasikii. Kila alfajiri aliamka na maneno ya Shaima, asingoje, akimbizwe, na kila alfajiri aliona pia picha ya chumba kile cha Mtendeni, Shaima anauliza kwa adabu zake zote, baba, vile vizibo vinakufaa? Mbele ya Kabula. Akasema kesho. Kesho yake akasema kesho. Alikuwa anajua anachokifanya, na kujua hakukumsaidia kitu. Kabula alikaa mlangoni anaimba polepole kujipima, anatoka kabisa kwenye tuni, hajui kama ametoka, na majirani wanaangalia chini.

Aliyekata shauri ni Bernadeta, mmoja wa waitikiaji wa kundi. Alikuja asubuhi ya siku ya treni na sinia lake la karanga, akamwinamia Kabula, akampigia kelele sikioni kwamba Mtendeni yuko mtaalamu wa masikio, anaitwa Shaima, na waende leo hii. Kabula alielewa nusu, lakini nusu ilitosha. Akaingia ndani akajifunga kitenge kizuri.

Masolwa alimfuata ndani. Alichomoa vizibo mfukoni, na badala ya kusema, akafanya jambo la kiwendawazimu kabisa: akajaribu kumvalisha. Labda alidhani bado kuna cha kuokoa. Labda hakudhani kitu. Havikuingia. Alivigeuza, akasukuma, kona zake zikamchoma Kabula ndani ya sikio mpaka akaruka na kumshika mkono.

Kabula akakichukua kizibo kimoja, akakitazama kwenye mwanga wa dirisha. Mwanamke huyu hakupata kuwa mjinga maishani mwake. Akamshika mumewe kidevu, akakigeuza kichwa chake, akamwekea kizibo sikioni. Kikazama. Kikatulia pale kama kilizaliwa naye.

"Tangu lini?" akauliza.

Masolwa akajibu kwa sauti ya chini.

"Sisikii, Baba Suzana."

Akajibu tena. Kabula akatikisa kichwa, akaweka kiganja nyuma ya sikio. Basi ikabidi aseme kwa nguvu, na nguvu haikutosha, ikabidi apige kelele, yeye ambaye neno lile lilimshinda kulinong'ona. Msimu mzima nilikuwa nimevivaa. Alilirudia, akalirudia, machozi yanamtoka, mpaka nje Bernadeta akaacha kupanga karanga zake, na nyumba ya pili mchi ukanyamaza kwenye kinu. Igalula yote upande ule ilikuwa imekwisha kusikia. Kabula alisikia wa mwisho.

Hakupiga ukelele, hakumtukana. Alisema kwa sauti kubwa isiyojijua, kama wasemavyo wasiosikia, "Mimi nilikuwa nakutazama wewe."

Akabeba mfuko wake, akatoka. Masolwa akamfuata nyuma, amekisahau kizibo sikioni, watu wanampisha bila salamu. Stesheni iko ng'ambo ya reli. Kabula alipofika kwenye kokoto alisimama, na kwa mazoea ya miaka yote ile akageuka akamtazama mumewe usoni, ajue kama treni inakuja.

Masolwa hakusikia kitu. Akachungulia reli upande huu, akachungulia upande ule, ndipo akamshika mkono wakavuka.