Leo nimefuta sauti ya bibi kwa mikono yangu mwenyewe

Jamani, leo nimejisifu dakika kumi tu, halafu nikalia.

Nyie mnajua Linux, ule mfumo wa kompyuta, nimejifundisha mwenyewe kwa simu. Wiki nzima nilikuwa naandika profaili, yaani maelekezo ya kompyuta kujigeuza seva. Unachagua tu kazi ya mashine: hii ya tovuti, hii ya kutunza mafaili. Inafuta diski, inajiinstoli yenyewe mpaka mwisho.

Mchana nikamwita dada Neema hapa nyumbani Misunkumilo aone.

"Angalia, haiulizi hata swali moja!"

Nikachomeka flashi kwenye kompyuta ya hapa nyumbani, nikachagua "kutunza mafaili", nikaanza kucheza pale pale. Ikamaliza. Safi kabisa!

Dada hakucheka.

"We Eliya, hii si ndiyo kompyuta yenye hadithi za bibi?"



Bibi yetu wa Katumba, tuliyemzika mwaka jana. Nilimrekodi akisimulia kwa Kirundi, akiimba, akinigombeza nimtolee simu usoni. Nilidhani nimeshahamisha kila kitu. Kumbe nilihamisha picha tu.

Nimejaribu programu zote za kurudisha mafaili. Hakuna kitu.

Halafu mama akapiga kutoka Katumba.

"Mwanangu, niwekee bibi kidogo nimsikie."

Nikamwambia mtandao unasumbua.

Kuna siku niliwarushia baadhi yenu kile kipande bibi anacheka mpaka anakohoa. Najua wengi mlishafuta. Ila tafuteni jamani, hata kwenye simu za zamani. Mwenye nacho anirushie kabla mama hajapiga tena.