Josho la Kompyuta

Baba alinunua kompyuta ya mtumba miaka michache baada ya Babati kuwa makao makuu ya mkoa, alipokwisha kustaafu ualimu. Alikuwa na haja moja tu: kuandika habari za ukoo wetu, tangu wazee walipofika Tlawi, kijijini kwetu, kabla hajazisahau. Aliandika kurasa chache, virusi vikaingia kwa flashi ya duka la steshenari, kazi yote ikapotea.

Mtaalamu wa familia nilikuwa mimi, kwa kuwa nilifanya kazi ofisini Babati na nilijua kuwasha printa. Nilikwenda na ujuaji wangu, nikafuta mfumo wa zamani, nikaweka mwingine wa bure. Kisha nikamfokea mzee aliyenifundisha kusoma. Nilimwambia ameichafua kompyuta mwenyewe kwa kuchomeka kila takataka, na kwamba huu mfumo mpya ausasishe kwenye intaneti kila wiki, la sivyo utakufa kama ule. Sikueleza zaidi, nilikuwa nawahi gari.

Kwa mfugaji kama baba, jambo la kila wiki si ushauri. Ng'ombe hupelekwa josho kuogeshwa dawa ya kupe siku yake, mvua inyeshe isinyeshe. Nyumbani hapakuwa na intaneti, basi baba akawa anafunga boksi la kompyuta kwa blanketi, anapanda nalo bodaboda hadi Mbulu mjini, wanaisasisha dukani, anarudi nalo. Mwenyewe safari hiyo aliiita kwenda josho.

Siku moja nilimkuta huko mjini, nikiwa na wenzangu kwenye gari la kazi. Alikuwa amekaa kibarazani, boksi amelipakata, blanketi limelifunika lote. Mwenzangu mmoja akacheka kwamba mzee yule amepeleka mtoto kliniki. Nilimwonea aibu baba yangu. Nilishuka nikampa shikamoo, akaitikia, nikarudi garini upesi. Wenzangu hawakushuku lolote, maana shikamoo hupewa mzee yeyote, nami sikuwaambia kuwa yule ni baba.

Usingizi ulikuwa wa shida wiki ile. Jumamosi nikaenda Tlawi kumweleza kwamba hana haja ya kuhangaika hivyo, mara moja moja inatosha. Niliwasha kompyuta. Sijaona iliyotunzwa namna ile. Hata matundu ya feni hayakuwa na vumbi. Nikatafuta habari za ukoo ili nimwekee nakala. Hapakuwa na faili hata moja. Nikamuuliza mbona hajaandika kitu misimu yote hii.

“Niliogopa kuichafua,” akasema. “Nilikuwa nangoja uje uniambie kama imepona.”

Niliona haya mpaka masikio yakawaka. Nikamwambia imepona, tena ilipona siku ile ile niliyoiacha. Nikavuta kiti, nikamwomba aseme yeye, mimi niandike, tuanze na babu aliyetangulia kufika. Huyo alimtaja bila shida, na mahali alipojenga. Nikauliza mwanawe wa kwanza aliitwa nani.

Baba akafumba macho. Nilingoja, vidole juu ya herufi. Mama alileta chai, akaiweka, akatoka.

“Huyo jina lake nilikuwa nalijua,” akasema baba.