Kiboksi cha Marehemu Mansuri

Kwa miaka kumi na tisa Raya alizungumza na mgongo wa mumewe. Mansuri, fundi redio wa Mwembesongo, akirudi kutoka kazini alivaa hedifoni zake kubwa, akajikunyata pembeni, basi tena, hayupo. Lakini kilichomkera Raya kuliko vyote ni kile kiboksi cheusi alichokichomeka kati ya simu na hedifoni.

"Masikio mawili, mashine tatu!" alikuwa akimsuta.

Mansuri hakukasirika. Alimweleza tena na tena kwamba hedifoni zile zinakula nguvu, simu peke yake haiziwezi. "Sauti ikiwa chafu, inakwaruza, tafuta kigeuzi kizuri, kile kinachogeuza faili la simu kuwa sauti. Ikiwa safi lakini haba, inataka nguvu. Hapo ndipo amplifaya, hiki kiboksi." Raya aliitikia huku akipepeta mchele, na halikumwingia hata neno moja.

Mansuri alipofariki, Raya akakaa eda. Siku ya arobaini vitu vya marehemu viligawiwa, na kila alichokiona hakina kazi alikitoa sadaka. Kanzu zilikwenda kwa majirani, saa ikaenda msikitini, na kiboksi akapewa shemeji yake Hatibu, mkulima wa Mlali. Hedifoni alibaki nazo, kwa sababu zilikuwa bado na harufu ya nywele za mumewe.

Wiki tatu baadaye binti yake, Asia, akaikuta rekodi kwenye simu ya marehemu. Moja tu. Mansuri alirekodi maulidi na harusi za watu mji mzima, sauti yake mwenyewe hakuiacha popote ila hapo. Raya akachomeka hedifoni kwenye simu, akapandisha sauti hadi mwisho. Ikawa kama mtu anayeongea nyumba ya tatu. Akajaribu eafoni za Asia: afadhali kidogo, lakini maneno hayakushikika. Hakukuwa na mkwaruzo wala uchafu wowote. Sauti ilikuwa safi, ila haba.

Ndipo somo la miaka kumi na tisa lilipomwingia, akalia kwa hasira. Kumbe mtu wa watu alisema kweli. Amplifaya ilitakiwa, na amplifaya aliitoa kwa mkono wake, na sadaka haidaiwi, ni aibu. Kutoka kwenda kuitafuta hawezi. Mafundi watatu ambao Asia aliwauliza mjini walitaka kumuuzia spika ya harusi. Eda Raya hakuilalamikia, ni haki ya mumewe. Lakini siku zile ukuta wa ua ulimbana kifua, na milima ya Uluguru aliiona vilele tu juu ya mabati.

Siku ya nne akashindwa kuvumilia, akapiga simu Mlali.

"Shikamoo, shemeji," Hatibu aliitikia.

"Marahaba. Shemeji, ile sadaka... Sidai, usinifikirie vibaya. Naazima. Niazime siku moja tu."

Raya akatamani ardhi immeze.

"Kile kidude? Mbona kipo tu kabatini, shemeji. Hata sikujua kinafanya nini. Kesho nakuletea."

Alikuja kweli, akakohoa mlangoni, akampa Asia kiboksi, akaenda zake. Raya akaunganisha nyaya kama alivyokuwa akimwona marehemu, akazungusha kitufe taratibu. Mansuri akamjia katikati ya kichwa, pumzi na yote.

"Moja, mbili. Moja, mbili. Raya, njoo mara moja usikilize hii."

Ukafuata mshindo wa ungo ukitua sakafuni, na sauti ya mwanamke, kali, ya karibu kabisa:

"Sina nafasi!"

Rekodi iliishia hapo.

Eda ilikuwa imebakiza siku sitini na moja. Raya alirudisha mwanzo. Mumewe alipomwita, akaharakisha kuitika, "Abee!" Lakini yule mwanamke wa kwenye rekodi alimtangulia.