Kutoka Kambarage hadi Geita Kutafuta Chuo cha Magari

Niliondoka nyumbani kwangu Kambarage, Shinyanga, kwa sababu mbili, na nitazitaja zote. Ya kwanza ni kwamba nimestaafu jeshini nikiwa sajini wa karakana ya magari. Kazi naijua, na yale ambayo jeshi halikunifundisha nimejisomea mwenyewe vitabuni, kamusi ikiwa pembeni. Lakini cheti cha kiraia sina, na kampuni zinazohudumia migodi hazimpokei fundi kwa maneno yake. Ya pili ni Masanja. Alikuwa praiveti chini yangu, na mimi ndiye niliyemwonyesha namna ya kufungua injini ya lori. Sasa ni mwalimu wa ufundi magari katika chuo kimoja cha Geita. Habari hiyo niliipata kwenye kundi la simu la wastaafu wenzetu, pamoja na picha yake amevaa koti la bluu. Niliitazama picha ile mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Kabla ya kutoka niliandika maswali manne kwenye daftari. Injini za karakana zinawaka? Gari moja linahudumia wanafunzi wangapi? Mazoezi ya kazini hufanyika wapi? Mtu mwenye ujuzi wa jeshini anaanzia ngazi gani?

Mke wangu, Mama Kulwa, alinitazama nikipiga viatu rangi.

"Baba Kulwa, unakwenda kutafuta chuo au unakwenda kumwangalia Masanja?"

"Chuo."

"Chuo ndicho kinataka viatu vya gwaride?"

Nikahamia kiatu cha pili.

Jumatatu, saa tatu asubuhi, nilikuwa katika chuo cha kwanza, hapahapa Shinyanga mjini, mwendo wa robo saa kwa miguu kutoka kwangu. Mwalimu wa zamu alinipokea vizuri na kunipeleka karakana. Palikuwa na injini moja juu ya stendi, imekatwa ubavu ili vya ndani vionekane, pistoni zimepakwa rangi nyekundu.

"Hii inawaka?" niliuliza.

"Hii ni ya kufundishia, mzee."

"Nimeelewa. Lakini inawaka?"

"Mzee, imekatwa."

"Na zinazowaka ziko wapi?"

Alinionyesha gari dogo la mkuu wa chuo lililoegeshwa kivulini, akacheka, nami nikacheka. Wanafunzi walikuwa arobaini. Niliandika majibu yote. Hata hivyo, nilipotoka langoni nilijikuta nimeanza kukipenda chuo kile: kiko karibu, ningelala kwangu, na hakuna mtu hata mmoja pale aliyewahi kunipigia saluti.

Jumanne alfajiri nilipanda basi la Kahama, na kutoka Kahama nikapata gari la kwenda Segese. Huko nilishuka kula. Segese ni mji wa biashara ulionenepeshwa na dhahabu. Kila baada ya maduka mawili utasikia karasha likisaga mawe. Mama aliyenipakulia wali alinisalimu kwa Kisukuma, "Mwadila, baba," nami nikaitikia. Akaniuliza naelekea wapi. Nikamwambia Geita, kwenye chuo cha magari.

"Kwa Mwalimu Masanja?"

"Unamfahamu?"

"Karasha la mume wangu lilikaa bubu wiki nzima. Mafundi wa hapa wanabadilisha kifaa hiki, wanabadilisha kile. Yule alikuja na wanafunzi wake, akasikiliza tu, akasema mafuta yanaingiwa na hewa. Likawaka."

"Alisikiliza tu?"

"Aliweka sikio kwenye bisibisi, hivi." Alilalia kiganja chake, kama mtoto anayeonyesha usingizi.

Kuweka sikio kwenye mpini wa bisibisi na ncha yake kwenye bomba ni mtindo wangu. Nilimfundisha Masanja kambini, na mwanzoni alikuwa anaweka sikio kwenye ncha. Nilimaliza wali bila kuisikia ladha yake. Mama yule aliniuliza kama chumvi imezidi.

Saa tisa alasiri nilifika Geita. Chuo kiko pembeni ya mji, uwanja umefagiliwa, malori matatu yamepangwa mstari mmoja. Masanja alitoka karakana akifuta mikono. Amenenepa kidogo.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Hujambo, Masanja?"

"Sijambo. Vijana, njooni msalimie. Huyu ndiye aliyenifundisha kazi."

Walinisalimu kwa heshima, wote sita waliokuwa kwenye lori moja. Sifa ile ilinikera kuliko ambavyo dharau ingenikera, kwa sababu aliitoa kama mtu asiyepungukiwa kitu. Maswali yangu aliyajibu kabla sijafungua daftari. Injini zinawaka. Mazoezi hufanyika kwenye karakana zinazohudumia migodi. Mwenye ujuzi hupimwa kwa vitendo, na akifaulu anaingia ngazi ya pili moja kwa moja.

"Ukitaka nikupime sasa, lori hili linazima likipata moto," alisema. "Tafuta sababu."

Sikuhitaji kuambiwa mara mbili. Niliomba liwashwe, nikasikiliza, na lilipozima nilikwishajua. Ilibaki kuingia chini kuonyesha kiungo cha bomba la mafuta kilicholegea. Nilimuuliza binti mmoja, Neema, kama sasa lori limekatazwa kuwashwa tena.

"Ndiyo, baba. Mwalimu amekataza."

Hilo lilinitosha. Jeshini, mkubwa akikataza, imekwisha. Nililala chali nikajisukuma chini ya lori.

"Afande, toka," Masanja alisema.

"Nimeshakiona kiungo."

"Toka kwanza."

Nilitoka. Alinipeleka kwenye swichi kuu ya betri. Ilikuwa imezimwa, na juu yake palining'inia makufuli sita yaliyotundikwa lori lilipozima, kila moja na jina la mwanafunzi. Hapo, kama migodini, kila anayegusa gari hutundika kufuli lake mwenyewe na ufunguo unakaa mfukoni mwake. Wakiwa sita, makufuli sita. Akibaki mmoja chini, gari haliwezi kuwashwa na yeyote.

"Kufuli lako liko wapi?"

"Ulikuwa umeshakataza lisiwashwe."

"Nikisahau? Nikiitwa ofisini, akaja mwingine?"

Neema aliingia chini akakikuta kiungo palepale niliposema. Masanja akaandika ubaoni: Sababu, sahihi. Mtihani, hakufaulu.

Jioni, tukinywa chai, nilimwambia kwamba angeweza kuandika hivyo wanafunzi wakiwa wameondoka.

"Afande, kosa hilo nililifanya mwezi wangu wa kwanza hapa, nikiwa mwanafunzi," alisema. "Unadhani nililitoa wapi?"

Alikuwa anacheka, lakini hakuwa anatania. Nilikumbuka pia jambo ambalo hakulitaja: alipoaga kwenda chuo, miaka ile, nilimwambia mbele ya wenzake kwamba madarasa ni ya wasiojua kazi. Ningeenda naye, koti lile la bluu lingekuwa langu.

"Utaanzia ngazi ya kwanza," aliongeza. "Usalama, pamoja na vijana. Ukipenda."

Jumatano nilirudi Shinyanga. Ndani ya basi nililinganisha vyuo. Kwa maswali yote manne Geita ilishinda. Kisha nikajikuta nikitafuta swali la tano, lolote, ambalo Shinyanga ingeshinda. Niliandika "umbali". Nikaandika "hali ya hewa". Hali ya hewa nikaifuta mwenyewe kwa aibu.

Wastaafu wenzangu mnaosoma haya, nililojifunza ni hili. Ulizeni kama injini inawaka, na ulizeni wenye ujuzi wetu wanaanzia wapi. Lakini kabla ya kuchagua chuo, kila mmoja ajiulize ni kipi angekikwepa na kwa nini. Mimi nilikaribia kuchagua injini iliyokatwa ubavu ili nisimwone mtu mmoja kila asubuhi.

Alhamisi nilimpigia simu. Mama Kulwa alikuwa anachambua mchele, hakuinua kichwa, lakini mikono yake ilisimama.

"Mwalimu," nilisema.

Masanja akasema, "Nakusikia, afande."

"Ile nafasi ya ngazi ya kwanza ipo?"

"Ipo. Kipindi kinaanza saa mbili kamili. Anayechelewa anasimama nje, hata awe nani."

Sheria hiyo pia ilikuwa yangu, ya kambini. Ilinichoma, nikaiandika.