Anaeli na kompyuta ya mkononi iliyohamisha tangi

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Anaeli Sumari anachuchumaa kando ya bomba kavu katika kitongoji kimoja juu ya Kikatiti. Mkononi ana kitu chenye ukubwa wa kisanduku cha miwani, vitufe vyake vimefutika herufi. Anabonyeza, anasubiri, anasoma namba.

"Maji yatafika kwa dakika arobaini na moja," anasema. "Wafungue."

Kisioki, mwenyekiti wa kamati ya maji, anampigia simu fundi aliye juu kwenye tangi. Watu zaidi ya mia wamesimama na ndoo tupu. Mtaro huu wameuchimba wenyewe kwa msaragambo, kazi ya pamoja ambayo kila kaya hupewa kipande chake. Maji yasipofika, aliyewaambia wachimbe hapa ni Anaeli.

Mama huyu ana miaka 64, na kazi yake ni kupima njia za maji. Kompyuta yake ilitengenezwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, wakati wengi wetu huku hatujaona hata ya mezani. Kioo kinaonyesha mstari mmoja tu, wa herufi ishirini na nne. Kumbukumbu yake yote haitoshi kubeba picha moja ya WhatsApp. Lakini unaweza kuiandikia programu yako mwenyewe, ukaenda nayo porini ikakufanyia hesabu papo hapo. Mazungumzo yakifika hapo Anaeli huvimba kichwa kidogo, na ana haki.

"Hans alinipa mashine, hakunipa programu," anasema. "Mistari yote tisini na nne niliandika mimi."

Hans alikuwa mhandisi wa kigeni aliyefanya naye kazi mwaka 1987, akamwachia mashine alipoondoka nchini. Zamani Anaeli alihifadhi programu kwenye kanda ya kaseti, kwa kuunganisha waya na redio. Redio ilikufa na kanda ikakatika. Likabaki daftari la kaunta lenye mistari yote kwa mwandiko wake.

Kabla ya kazi yoyote huijaribu mashine kwa vipimo vya mfereji wa marehemu baba yake, jirani na Makumira, unaomwagilia kahawa na migomba hadi leo. Jibu lake, yaani kimo ambacho mfereji unashuka, analijua: mita tatu na sentimita sabini na mbili.

"Ikinitajia mfereji wa baba sawasawa, tunakwenda," anasema. "Isipotaja, hatutoki nyumbani."

Mvutano wa wapi tangi lijengwe ulianza Agosti mwaka jana. Wanawake wa hapa walikuwa wakitembea dakika arobaini kufuata maji. Rachel, fundi sanifu wa maji mwenye miaka 27, alipima kwa simu akaona tangi lingekuwa mita tisa juu ya bomba. Anaeli alipita na chombo chake cha kupimia usawa na rula ndefu, akapata mita mbili tu. Kwa umbali wa karibu kilomita tatu, maji yangeishia njiani.

"Nilimwambia, shikamoo mama, simu yangu inasema tisa," anakumbuka Rachel. "Akanijibu, marahaba mwanangu, hiyo simu inapima kutoka angani, mimi nimetembea."

Kwa hesabu za Anaeli, tangi lilitakiwa kupanda juu zaidi, na mtaro uongezeke mita 310. Kisioki, ambaye humwita Anaeli Mama Ruth, hakufurahi.

"Miaka ya nyuma watu wetu walichimba mtaro, maji hayakuja," anasema. "Nikamwambia, Mama Ruth, safari hii tukikosea, msaragambo hapa umekufa. Hakuna atakayenyanyua jembe tena."

Siku mbili kabla ya mkutano wa kuamua, kioo cha kompyuta kilianza kufifia. Anaeli akaipeleka Sombetini kwa Hatibu, fundi simu. Ndani kuna betri mbili za kuendeshea na moja ndogo ya kulinda kumbukumbu, na hazitolewi zote kwa pamoja. Hatibu alizitoa zote tatu, akazipanga mezani vizuri, akaanza kuzisafisha. Programu ikafutika.

"Kwenye simu tunatoa kila kitu," anasema Hatibu, bado ana aibu. "Mama aliniangalia tu. Bora angenitukana."

Anaeli alikaa kwenye benchi la Hatibu na daftari lake, akaiandika upya mstari kwa mstari. Alipomaliza akaingiza mfereji wa baba. Mashine ikasema mita kumi na moja.

"Nilicheka, halafu nikaogopa," anasema. Kwenye mstari wa hamsini na nane aliweka kujumlisha badala ya kutoa. Aliposahihisha, namba ya baba ikarudi. "Bila kuijaribu, ningewachimbisha watu pabaya, tena kwa kujiamini kabisa."

Rachel alirudi kilimani akapima upya kwa miguu pamoja naye. Mkutanoni mkono wa Rachel ndio ulionyooka wa kwanza kukubali tangi lipande.

Dakika ya arobaini na moja inafika. Bomba liko kimya. Ya arobaini na mbili, mama mmoja anaweka ndoo chini. Kisioki hamtazami mtu. Dakika ya arobaini na nne bomba linakohoa, linatema hewa, tope, halafu maji meupe. Vigelegele vinapasuka kilima kizima, na nakiri kwamba hata mimi mwandishi nilipiga makofi.

"Dakika tatu zimezidi," anasema Anaeli, akifuta macho kwa khanga. "Kuna hewa imekwama mahali. Nitapatafuta."

Januari anaanza kilima cha ng'ambo, chenye kaya sitini zisizo na maji. Safari hii yeye na Rachel watapima kila mtu peke yake, bila kuoneshana, kisha walinganishe. Programu tayari Rachel ameinakili kwa mkono, mistari yote.

Namuuliza Anaeli kama anatumaini namba zao zitalingana.

"Hapana," anasema. "Naomba anikute na kosa, anioneshe mbele ya watu. Siku hiyo mashine nampa, na mimi nitalala usingizi."