Malaika wa Kushoto

Wanakwaya walimwita Bi Kitambaa, na jina likamkaa. Miaka thelathini na moja alikuwa mfagizi wa kanisa, na ukiinuka kwenye benchi lake una vumbi, basi vumbi hilo ulikuja nalo kutoka kwako. Padri mwenyewe alivua viatu mlangoni akiona sakafu haijakauka. Nani angethubutu kumkanyagia?

Nyuma ya altare ilisimama picha kubwa iliyochorwa kwenye mbao: Bikira Maria na malaika sita. Aliichora marehemu mumewe, mchora mabango ya maduka na saluni, mtu wa maneno mengi na mkono mzuri. Malaika mdogo wa kushoto alimpa sura ya binti yao, aliyekufa kwa homa akiwa na miaka minne. Picha nyingine ya mtoto haikuwapo. Kila mkewe alipotaka wampeleke studio, mume alicheka: "Studio ya nini na mimi nipo?" Basi uso wa mtoto ulibaki hapo tu, ukubwa wa kiganja, juu ya mishumaa.

Kila Jumamosi Bi Kitambaa alipanda ngazi na maji ya sabuni. Bikira Maria alimpitia juu juu, Mungu amsamehe, na malaika wengine vivyo hivyo. Ila yule wa kushoto alimwogesha hasa: paji la uso, mashavu, pembe za mdomo, huku akimnong'oneza habari za nyumbani. Macho yake mwenyewe yalikuwa yameingia ukungu, lakini uso ule hakuhitaji macho kuuona.

Mwaka huu padri alileta fundi wa kuitia picha rangi upya. Fundi alipanda ngazi, akaikagua picha, kisha akaita.

"Mama, huyu mdogo nani alikuwa anamsugua?"

"Mimi, mwanangu. Kwani vipi?"

"Amefutika. Hana macho, hana mdomo. Imebaki mbao tupu."

Bi Kitambaa alidhani anataniwa. Fundi aliposhuka, alipanda mwenyewe, akapapasa kwa vidole, akaing'ang'ania ngazi asitake kushuka. Padri ndiye aliyemshusha, na ndiye aliyemweleza fundi mtoto yule alikuwa nani. Fundi wa watu akaona haya.

"Niambie alivyokuwa, mama. Nitamrudisha."

"Alikuwa na macho makubwa," alianza. "Na mashavu." Mtoto gani hana mashavu? Alitafuta zaidi, akapata harufu ya nywele, uzito wa mtoto mgongoni, joto la ile homa. Sura haikuja. Kumbe miaka yote ile alichokuwa akikumbuka ni picha, na picha ameifuta kwa mkono wake mwenyewe.

Fundi alichora kwenye karatasi. "Siye," alisema Bi Kitambaa. Akachora tena, akapunguza pua. "Siye, baba." Karatasi ya nne fundi aliishika karibu kabisa na macho ya Bi Kitambaa.

"Na huyu?"

Aliitazama muda mrefu. Alitaka kusema siye, lakini hakuwa tena na uso wa kuulinganisha nao.

"Mpake huyo huyo," alisema. "Mtoto asikae bila uso."

Kisha akaketi benchi la mbele, akalia kwa sauti kama aliyefiwa siku ile ile.